Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS): Chumvi Iliyojificha Iandikwe

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Iringa na Mbeya wana historia yao na chumvi. Nyanda za Juu Kusini zilisumbuliwa mno na goita, kwa kuwa udongo wa milimani una madini joto kidogo. Miaka ya 1990 Serikali ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo, na leo maneno "madini joto" yamo kwenye pakiti dukani.

Tatizo la sasa ni chumvi inayoliwa bila pakiti hiyo kufunguliwa.

Chukua chipsi mayai za stendi, Mafinga au Ipogolo. Kiazi kinachotoka Uporoto hakina sodiamu ya kutajika. Kikishaopolewa kwenye mafuta, hunyunyiziwa chumvi kutoka kopo lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Yai lilikorogwa na chumvi yake, kachumbari ina yake. Kisha inakuja tomato sosi na pilipili ya chupa, zilizotiwa nyingine kiwandani. Mwenye hela huongeza soseji. Mlaji akiulizwa atasema hakugusa chumvi, na atakuwa amesema kweli.

Nyumbani mambo ni hayo hayo. Vidonge vya kukolezea mchuzi, sehemu yake kubwa ni chumvi. Mkate una chumvi ingawa ulimi hauioni. Hata magadi ya kulainishia maharage ni sodiamu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Sodiamu ikizidi, mwili hushikilia maji, damu huongezeka ujazo na kuta za mishipa hubanwa. Presha hupanda kimyakimya kwa miaka, hadi siku ya kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kuharibika.

Afrika Kusini haikungoja. Mwaka 2013 ilitunga kanuni za ukomo wa chumvi kwenye mkate, soseji, supu za unga na vyakula vingine, zikaanza kutumika Juni 2016. Tangu 2019 ukomo wa mkate ni miligramu 380 za sodiamu kwa gramu 100. Hiyo bado ni karibu gramu 1 ya chumvi, moja ya tano ya posho ya siku.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS, na Mbeya mna ofisi ya kanda. Wananchi wanaomba mambo matatu. Kwanza, kila kifungashio kiandike chumvi kwa gramu, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka; miligramu za sodiamu zilizoandikwa kwa Kiingereza hazimsaidii mnunuzi wa Kihesa. Pili, uwekwe ukomo kwa mkate, soseji, sosi na vidonge vya mchuzi. Tatu, viwanda vitumie chumvi yenye madini joto, na kiwango cha madini hayo kirekebishwe kadiri ulaji wa chumvi unavyopungua, ili goita isirudi.

Anzeni na mkate, Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Viwango vyake ni vyenu kuvipanga.