Hadhi ya Chuo Iendane na Fedha za Karakana

Kwa Waafrika Mashariki wa Upplands Väsby, mji ulio kati ya Stockholm na Uppsala, mfano wa chuo kilichopandishwa hadhi uko jirani: taasisi ya ufundi iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1827, ikaitwa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia (KTH) tangu 1877, ingali chuo cha serikali. Tanzania nayo iligeuza Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1957, kuwa Taasisi ya Teknolojia (DIT) mwaka 1997, hatua iliyostahili, maana iliongeza shahada bila kufuta stashahada za mafundi sanifu, yaani wataalamu wanaounganisha mhandisi na fundi wa mikono. Lakini hadhi pekee haitoshi: kila chuo kinachopandishwa hadhi nchini Tanzania kitengewe na Hazina fedha za mitambo, karakana na wakufunzi kabla ya kubadilishiwa jina.