Umeme wa Jirani Una Aibu Gani?

Mwandishi mmoja gazetini anadai kuwa nchi yenye Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, inajidhalilisha ikinunua umeme nje. Angefika Rukwa kwanza. Sumbawanga imewaka miaka mingi kwa umeme wa Zambia, maana gridi ya taifa haikuwa imefika, na megawati za bwawa hilo la Rufiji hazipandi basi. Zambia nayo? Waziri Mkuu Ian Smith alipoitangazia Rhodesia uhuru mwaka 1965 na njia ya kusini ikafungwa, mafuta ya Zambia yalipita huku kwetu kwa malori, mapipa juu ya mapipa, hadi bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, lilipokamilika 1968. Fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa, Mbeya, haulizi umeme ni wa taifa gani. Anachohofia ni kukatika kabla hajamaliza geti la mteja. Tubishanie bei na masharti ya mkataba, ambayo mwandishi wetu hakuyagusa.