Mashine mpya inafua vyema, lakini je, inasuuza?

KUNA mama aliyeniletea mtoto wake wa miaka mitatu akiwa amebeba bahasha yenye mirija minne ya krimu. Mtoto alikuwa akijikuna shingoni, kiunoni mahali lastiki ya kaptura inapokaza, na nyuma ya magoti. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, na usiku hakuna aliyelala katika nyumba hiyo.

Mama alikuwa tayari na jibu lake. Mwasho ulianza muda mfupi baada ya yaya mpya kuja. Kwa hivyo yaya ndiye aliyeleta ugonjwa, na mwisho wa mwezi angerudishwa kwao. Yaya mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo, amempakata mtoto, macho yakitazama sakafu.

Nilitazama ile mirija. Mitatu ilinunuliwa katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari. Wa nne niliuandika mimi mwenyewe, mtoto huyo alipoletwa kwangu mara ya kwanza. Siku hiyo nilikuwa na foleni ndefu, nikatazama ngozi, nikaandika dawa. Sikuuliza lolote kuhusu nguo.

Safari hii niliuliza. "Nguo zake hufuliwaje?" Mama akajibu kwa fahari kidogo, "Siku hizi ni mashine, daktari. Tulinunua mpya." Nikamgeukia yaya. Alisita, kisha akasema, "Daktari, juzi mvua ilinikuta sijaanua nguo. Soksi za mtoto zilitoa povu pale kambani."

Soksi hizo zilikuwa zimekwisha kufuliwa, kusuuzwa na kukamuliwa. Povu lilitoka wapi?

Nataka tulizungumzie povu hilo leo, kwa sababu mashine za kufulia zimeingia katika nyumba nyingi za miji yetu, na wengi wetu tumezinunua bila kujua jinsi zilivyobadilika.

Zamani, mashine iliyofunguka kwa juu ilijaza pipa maji mpaka nguo zikaelea. Miaka ya 1970 na 1980, mashine ya nyumbani kule Ulaya na Marekani iliweza kumaliza lita 100 na zaidi kwa mfuo mmoja. Mashine ya kisasa ya mlango wa mbele hufanya kazi hiyo kwa lita 50 hivi, na nyingine kwa pungufu ya hapo. Pipa lake limelala, nguo huinuliwa na kuangushwa katika maji machache, na vifaa vya kupimia huamua maji yanayotosha kulingana na uzito wa nguo. Hata zile za kufunguka juu, nyingi zimeondolewa ule mhimili mkubwa wa katikati na kupunguziwa maji.

Mabadiliko hayo yana sababu nzuri. Serikali za nchi hizo ziliweka sheria za kupunguza stima na maji. Nasi tunaoishi Nairobi, tunaosubiri zamu ya mgao na kununua maji kwa mikokoteni, hatuwezi kucheka chombo kinachookoa lita 50. Simwambii mtu atupe mashine yake. Lakini maji yakipungua, kosa dogo ambalo zamani lilisamehewa na maji mengi sasa hubaki ndani ya nguo.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kilo 4 za nguo. Zikikamuliwa vizuri hubaki na lita 2 na nusu hivi za maji ya sabuni. Mashine ikiongeza lita 10 safi, ile sabuni imechanganyika katika lita 12 na nusu; ukali wake umeshuka hadi sehemu moja kwa tano. Suuza mara tatu namna hiyo, na iliyosalia ni sehemu moja kwa 125.

Sasa tuseme ukamuaji umekwama, na nguo zimebaki na lita 8 kila mara. Kwa maji yale yale ya lita 10, baada ya kusuuza mara tatu, iliyosalia ni karibu sehemu moja kwa 11. Maji hayakupungua hata tone, lakini sabuni iliyobaki ni zaidi ya mara kumi. Hapo utaona kwamba kusuuza hakutegemei maji peke yake. Kunategemea pia kukamua kati ya maji na maji.

Na ni nini kinachokwamisha ukamuaji? Mara nyingi ni povu lenyewe. Katika nyumba zetu, sabuni nyingi ya unga imetengenezewa karai na mikono. Hutoa povu jingi makusudi, kwa kuwa sisi wateja tumezoea kuamini kwamba pasipo povu hakuna usafi. Ukiitia katika pipa linalozunguka, povu hujaa mpaka likawa kama mto kati ya pipa na ukuta wake. Mashine ikijaribu kukamua, povu hulizuia pipa. Nyingine hupunguza kasi, nyingine hurefusha muda, nyingine humaliza kazi nguo zikiwa bado zinachuruzika. Sabuni ya mashine hutengenezwa iwe na povu dogo, na povu dogo si dalili ya udhaifu.

Sababu ya pili ni mkono mzito. Tunatia kikombe kizima kwa mazoea ya karai la lita 20, ilhali mashine ina maji machache zaidi. Ya tatu ni kushindilia nguo mpaka mlango ufungwe kwa goti. Nguo zisizo na nafasi ya kuanguka hazipitiwi na maji. Ya nne ni programu fupi ya dakika 15 au 30. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya nguo chache zisizo chafu sana, na kwa kawaida husuuza kwa haraka. Mama wetu aliipenda kwa sababu stima hupotea mara kwa mara.

Kuna na ya tano, ambayo wapangaji wa orofa za juu wataielewa. Mashine nyingi huhitaji shinikizo la maji la kadiri fulani, na nyingi hutaka karibu nusu ya kipimo kiitwacho bari. Tangi lililo mita 10 juu ya mfereji hutoa bari moja. Ukikaa orofa ya mwisho na tangi liko mita 2 tu juu ya kichwa chako, unapata sehemu ya tano ya bari. Mashine itajaza polepole sana, au itasimama katikati na kuwasha taa ya kosa. Anayeizima na kuanika nguo hivyo hivyo ameanika sabuni.

Je, sabuni hiyo hudhuru? Hapa ni lazima niseme ukweli wote, kwa maana kuna watu wanaoogopesha wenzao bure. Mzio halisi wa sabuni ya kufulia ni nadra. Madaktari wa ngozi walipowapima wagonjwa kwa vibandiko vyenye sabuni hizo, waliopatikana na mzio walikuwa chini ya mmoja kwa mia. Vimeng'enya vinavyotiwa katika sabuni viliwaletea pumu wafanyakazi wa viwandani mwishoni mwa miaka ya 1960, waliokuwa wakivuta vumbi lake. Tangu hapo hufungwa ndani ya chembe zisizopeperuka. Watu wengi huvaa nguo zenye sabuni kidogo na hawadhuriki.

Tatizo ni kwa wale ambao ngozi yao tayari ni dhaifu, hasa watoto wenye ukurutu na watu wa koo zenye pumu na mafua ya vumbi. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na asidi hiyo ni sehemu ya kinga yake. Maji ya sabuni ya unga yana magadi, yaani ni kinyume chake. Jasho likilowesha shati lililobaki na sabuni, sabuni huyeyuka tena na kusuguana na ngozi pale pale penye kubana: shingoni, kwapani, kiunoni, kwenye mikunjo. Huo si mzio. Ni mwasho wa kawaida, kama vile mikono inavyopasuka kwa kuosha vyombo kutwa. Manukato ya sabuni na ya dawa ya kulainisha nguo huweza kuongeza shida.

Lakini tafadhali, usisome makala haya ukaamua kwamba kila mwasho ni mashine. Kama mwasho huzidi usiku, uko katikati ya vidole, na watu kadhaa nyumbani wanajikuna, huenda ni upele wa kuambukiza, na nyote mtahitaji dawa siku moja. Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka, huenda ni choa. Ngozi ikitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, njoo hospitalini bila kukawia.

Na hizi krimu za mchanganyiko zinazouzwa kama maandazi, zenye dawa ya choa, ya bakteria na steroidi kali kwa pamoja, mtoto asipakwe bila kupimwa. Hutuliza kwa siku chache, kisha mwasho hurudi. Zikitumiwa kwa miezi hupunguza unene wa ngozi, na huficha choa huku kikienea. Nimeona nyuso za watoto zilizoharibiwa namna hiyo.

Unaweza kupima mashine yako leo bila gharama. Chukua taulo lililofuliwa na kukauka, litie katika beseni safi lenye maji safi ya vuguvugu, ulikoroge kwa mkono dakika mbili. Maji yakiwa meupe kama ya mchele, au povu likikaa juu bila kupotea, nguo zako hazisuuzwi vya kutosha. Dawa ya kulainisha nguo pia huweza kuchafua maji, kwa hivyo pima na taulo lisilotiwa.

Ukikuta povu, fanya haya. Tumia sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashine, na uipime; jaribu nusu ya ile uliyozoea kisha uone kama nguo zinatakata. Usijaze pipa zaidi ya robo tatu. Bonyeza kitufe cha kusuuza tena, ambacho mashine nyingi zinacho na wenyewe hawajawahi kukigusa. Acha dawa ya kulainisha kwa nguo za mtoto. Osha droo ya sabuni, na mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa maji ya moto. Kwa mashine yenye mapipa mawili, ambayo wewe mwenyewe huhamisha nguo, zikamue kwanza ndipo uzisuuze. Maji ya mwisho ya kusuuza yahifadhiwe ya kupigia sakafu deki, na huna hasara.

Wenye kuuza mashine nao wana deni kwetu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021 huweka kikomo cha sabuni inayoruhusiwa kubaki katika nguo kwa programu kuu ya mashine: gramu 5 kwa kila kilo. Maana yake ni kwamba usuuzaji unaweza kupimwa, kuandikwa na kudaiwa. Madukani kwetu naona mabango ya kilo ngapi na kasi gani. Sijaona hata moja linalonieleza mashine inasuuza vipi, wala muuzaji anayemwuliza mnunuzi tangi lake liko wapi. Naona ni haki yetu kuelezwa kabla ya kutoa pesa, na ni kazi ya wanaosimamia ubora wa bidhaa nchini kulidai jambo hilo.

Yule mtoto nilimpa mafuta ya kulainisha ngozi, na krimu hafifu kwa siku chache tu. Nguo zake zote zilifuliwa upya, zikasuuzwa mara mbili zaidi. Baada ya wiki tatu alikuwa analala usiku kucha. Siwezi kuapa ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi kubwa zaidi. Yaelekea yote yalisaidiana.

Yaya bado yuko kazini. Nikamwuliza mama kwa nini hakuwahi kumwuliza habari za nguo. Akasema, "Na wewe daktari, mbona hukuniuliza mimi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, akija mtoto anayejikuna, nauliza kuhusu nguo kabla ya kushika kalamu, na swali hilo namwuliza yule anayezianika.