Kindu: Watoto wanasikia Goma na Bukavu kila siku, lakini ziko upande gani?

Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, majina ya miji hiyo hayatoki kwenye redio. Hapa Kindu watoto wanasikiliza pamoja na wakubwa. Lakini mwanafunzi anaweza kukariri majimbo yote 26 bila kukosea, na bado ashindwe kuonyesha kwa kidole Bukavu iko upande gani. Kwake vita iko "kule", na kule inaweza kuwa hata ng'ambo ya mto. Hapo ndipo uvumi unapata nafasi, na woga pia.

Ramani, ama karte kama wengi wanavyosema, inasaidia. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kindu mpaka Bukavu ni kilometa 330 hivi, na mpaka Goma karibu 390. Uzi na rula vinatosha kupima. Hesabu hiyo haiondoi hofu yote. Waliokimbia wanajua vile vita inatembea. Lakini mtoto aliyepima anaanza kuuliza maswali ya maana: katikati kuna nini? Shabunda iko wapi hapo? Watu wanapita njia gani?

Shida nyingine ni ramani yenyewe. Ile iliyochapishwa kabla ya 2015 ina majimbo 11, Katanga ikiwa moja na Orientale moja. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 haina hata jimbo la Maniema, maana mpaka 1988 lilikuwa ndani ya Kivu kubwa. Mwalimu mwenye karte ya zamani asiitupe. Akiiweka karibu na mpya, watoto wataona wenyewe mipaka inachorwa na watu.

Na kama karte hakuna kabisa, udongo upo. Mtoto wa Kasuku ama Mikelenge anaona jua likitokea upande wa Alunguli: huko ni mashariki. Mto unashuka kaskazini. Anauchora chini kwa kijiti, anapanda boti, safari inaanza. Karibu kilometa 300 mpaka Ubundu. Hapo maporomoko yanafunga njia, anashuka, anachukua reli ya kilometa 125 mpaka Kisangani (katika safari ya mawazo treni haikosi mafuta). Kabla ya kufika amevuka mstari wa ikweta. Boti tena: Bumba, Lisala, na karibu na Mbandaka anauvuka mstari uleule mara ya pili. Kwa nini mara mbili? Achunguze mto unavyojikunja, atapata jibu. Kinshasa, maporomoko mengine, reli ya Matadi, Boma, halafu bahari.

Hata wakubwa waliwahi kupotea hapa. Livingstone alifika Nyangwe, eneo la Kasongo, mwaka 1871, akadhani Lualaba ni mwanzo wa Nile. Stanley aliondoka Nyangwe mwaka 1876 akiufuata mto huohuo, akatokea Boma mwaka 1877.

Mzazi asiye na muda anaweza kuanza na saa ya redio. Kinshasa wakitangaza ni saa tano ya mchana, Kindu imeshafika saa sita. Mtoto aulizwe jua limeanza kupita wapi.