Toeni kokoto kwenye vyungu

Nenda kwenye kitalu chochote cha maua kando ya barabara Dar es Salaam, mwambie muuzaji unataka kuhamishia mti wako kwenye chungu kikubwa zaidi. Kabla hajakuuliza ni mti gani, au utakaa sebuleni au barazani, atakuwa amekwisha kukuambia: "Chini tanguliza kokoto, maji yapite." Jirani naye atakuambia hivyo hivyo, shemeji atakuambia, hata mtu asiyewahi kuotesha mchicha atakuambia. Linasemwa kwa uhakika kuliko mambo mengi ya kweli, nalo si kweli.

Kokoto hazipitishi maji. Zinayapandisha juu, yakakae kwenye mizizi.

Mimi nimelijua hilo kwa kuua isale. Ni jamii ya miti ile ile ambayo wauza maua wa Ulaya huiita dracaena na kuipanga kwenye kumbi za mahoteli. Uchagani ni mti wa mpaka wa kihamba, na jani lake ndilo linalopelekwa kwa mtu uliyemkosea unapotaka akusamehe. Shangazi alinikatia kipande cha shina kule Marangu, nikakileta Dar, kikachipua kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa kwa msumari wa moto. Kwa miaka mitatu kilistawi, hata mizizi ikaanza kuchungulia matunduni. Nikanunua chungu cha saruji, kizuri kweli, nikafuata ushauri: kokoto kina cha kiganja, udongo mweusi juu yake, mti, maji. Baada ya miezi miwili majani ya chini yakageuka manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. (Wenye uzoefu hapa wameshaanza kutikisa kichwa.) Shina lilipoanza kubonyea kwa kidole, nikapindua chungu.

Udongo wa juu ulikuwa mkavu, unamomonyoka. Wa chini ulikuwa tope, unanuka kama mtaro. Mizizi mizima ya isale ni ya manjano iliyokolea, inaelekea rangi ya chungwa. Hii ilikuwa ya kahawia, na nilipovuta mmoja, ngozi yake ilivuka kama soksi nikabaki na uzi mkononi. Chini ya tope lile kokoto zilikuwa zimejikalia na unyevu kidogo tu. Maji niliyoambiwa yatapita humo yalikuwa yamegoma mlangoni. Nikabaki najiuliza: mtu akimkosea mwenzake hupeleka isale, aliyelikosea isale lenyewe apeleke nini?

Kwa asiyeniamini, ushahidi uko jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka inywe maji yote inayoweza, uilaze kwenye kiganja. Itachuruzika, kisha itaacha. Ikishaacha kabisa, isimamishe wima bila kuiminya. Maji yataanza kutoka tena. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo. Maji hushikwa na vitundu vidogo vidogo, na ili yaachie yanahitaji uzito wa maji mengine juu yake. Kwa hiyo sponji ikiwa fupi hubaki imelowa karibu yote, ikiwa ndefu hubaki imelowa sehemu ya chini tu. Udongo ndani ya chungu ni sponji. Na kokoto kazi yake ni kuifupisha.

Piga hesabu. Tuseme udongo wako, maji yakishaacha kutoka, hubaki umejaa maji kwa sentimita 6 za chini. Katika chungu cha kina cha sentimita 30, mizizi inabakiwa na sentimita 24 zenye hewa. Weka kokoto sentimita 8: udongo sasa ni sentimita 22, lakini tabaka la maji halikupungua, limehamia tu juu ya mawe. Sentimita 22 toa 6 ni 16. Umelipia chungu kikubwa, ukabeba mawe kwa jasho lako, ukaupokonya mti theluthi ya hewa yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Walter Gardner, mwanasayansi wa udongo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, alitengeneza filamu iliyoonyesha maji yakishuka kwenye udongo nyuma ya kioo. Yalipofika kwenye tabaka la vitu vya chengachenga kubwa yalisimama, yakatanda pembeni, na hayakuvuka mpaka udongo wa juu uliposhiba. Wajenzi wa viwanja vya gofu wanaijua sana siri hiyo: hulaza sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za changarawe, makusudi, ili mchanga ushikilie maji na nyasi zisikauke. Wao wanaweka mawe ili maji yabaki. Sisi tunaweka mawe yale yale ili maji yaondoke.

Najua jibu linalokuja: "Bibi yangu aliweka vigae chini na maua yake yalichanua miaka yote." Yalichanua, sibishi. Bibi alitumia chungu cha udongo uliochomwa, kinachopumua ubavuni, akakijaza kichanga, akakiweka uani penye jua na upepo. Maua yalistawi pamoja na vigae, si kwa sababu ya vigae. Wewe una chungu cha plastiki, udongo mzito, na kona ya sebule yenye pazia. Hata kuweka kigae kimoja juu ya tundu ili udongo usimwagike sikatai, ingawa kipande cha chandarua kuukuu kinafaa zaidi. Kokoto juu ya udongo, kwa urembo? Pendezesha upendavyo.

Kibaya kuliko vyote ni chungu kisicho na tundu. Vinauzwa vingi, vya kung'aa, na ukiuliza maji yatatokea wapi unajibiwa: "Weka kokoto tu." Hapo kokoto zimegeuzwa kisingizio cha kutotoboa. Maji hujikusanya kati ya mawe usiyaone, siku moja yanagusa udongo, na udongo unayanyonya kupanda juu. Toboa, au usinunue.

Anayetaka maji yapite ashughulike na udongo wenyewe, kuanzia juu hadi chini. Changanya udongo na makapi ya mpunga, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au mchanga mnene wa mtoni, na mboji iliyoiva vizuri. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili vitatu tu kila upande, kwani udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji yasiyo na mnywaji. Legeza mizizi iliyojizungusha, panda mti kwenye kina kile kile ulichokuwa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uache. Utamwagilia tena kidole kikiingia udongoni kikatoka kikavu.

Isale langu nililikata juu ya pale palipooza, nikaliacha kivulini siku mbili kidonda kikauke, nikalichomeka kwenye mchanganyiko wa makapi ndani ya ndoo ile ile ya rangi. Lina majani mapya manne. Kokoto niliziosha nikaziweka kwenye karai barazani, na juzi jirani alizikuta akaniomba. Ana mpira wake anataka kuuhamisha. Nilimwambia zina mwenyewe.