Mwezi usioandikwa ni mwezi ulioibiwa



Sheria ya 15/7/2016 inasema wazi: ili upate pensheni ya kila mwezi, ufikishe miaka 60, uache kazi ya mshahara, na uwe na miezi 180 kwenye CNSS. Ni miaka 15. Ikipunguka, unapewa pesa mara moja tu, basi.

Hiyo miezi inatoka wapi? Kwa patroni. Anakata 5% ya mshahara wako, anaongeza 13% yake, anapeleka. Asipokuandikisha, hata ufanye kazi miaka 20, kule CNSS hauko mtu.

Njo maana tunakasirika. Sisi wenye diplome tunaitwa "stajeri" miaka miwili, mitatu. Wengine ni vibarua wa milele, wakati sheria ya kazi inasema: kibarua aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla hiyo miezi iishe, ana kontra isiyo na mwisho. Mapatroni wanaijua. Mainspekta wa kazi wanaijua. Wote kimya.

Wanatuuliza: "Vijana, pensheni ya nini?" Juu mwezi wa leo hautarudi tukiwa na miaka 59!

Tunadai:
1. Mainspekta waingie makampuni, wahesabu watu, si makaratasi.
2. CNSS imuonyeshe kila mfanyakazi miezi yake.
3. Patroni aliyekata bila kupeleka alipe yote, na ashitakiwe.

Na wewe, uliza leo namba yako ya CNSS. Ukikosa namba, usinyamaze.