Saa Nne za Mashine Zisipunguzwe

Mgonjwa wa figo atokaye Mitundu hupita Itigi na Manyoni ndipo aifikie Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa husafisha damu kwa mashine. Kwa kawaida tiba hiyo huhitajika mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara. Si ajabu, basi, akiomba kuondolewa mapema ili awahi gari. Ombi hilo lisikubaliwe kirahisi. Yurea, yenye uzito wa molekuli 60, hupenya utando wa chujio upesi. Beta-2 mikroglobulini, protini ya takriban 11,800, hujikokota hata penye matundu mapana. (Albumini, takriban 66,000, hubaki katika damu, na ndivyo itakiwavyo.) Kipimo cha yurea peke yake chaweza kupendeza macho huku kikificha taka hizo kubwa, ambazo miaka ikipita hujikusanya kwenye maungio na kuyaumiza. Muuguzi amweleze mgonjwa hayo kabla ya kuwasha mashine. Hata hivyo, nauli na malazi havitibiwi kwa maelezo: wapangaji wa huduma wazisogeze mashine karibu zaidi na Mitundu.